Ndugu Wanashuka Dar: Maji, Mama Mkwe na Bamvua

Desemba inakaribia na barua za wenyeji zimeanza kujaa. Tumechukua nne.

Mama mkwe, mashemeji wawili na watoto wanne wanashuka kutoka Makete kwa siku sita. Kwangu tuko wanne, vyumba viwili na sebule, choo kimoja, maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Mke wangu anasema tutabanana tu. Nianze na magodoro?
*Mkwe, Tabata*

Anza na maji, magodoro yanaazimwa. Mtakuwa 11. Hesabu ndoo mbili za lita 20 kwa kila mtu, kuoga na choo: lita 440. Ongeza ndoo tatu za jikoni, inafika 500. Kama una tangi la lita 1,000, likijaa linakupeleka siku mbili tu, kwa hiyo pipa la lita 200 bafuni ni lazima, na lijazwe kila maji yanapotoka, hata kama ni saa nane za usiku. Nguo za watoto zifuliwe siku ya zamu.

Halafu shimo la choo. Ukimwaga ndoo na maji yakawa yanashuka polepole huku yanagugumia, shimo limekaribia kujaa au bomba limeziba. Ita gari la maji taka wiki moja kabla. Shimo linalohimili watu wanne linaweza kufurika siku ya tatu ya watu 11, na siku hiyo ndiyo mama mkwe atakuwa ameanza kuzoea.

Yeye apewe chumba kilicho karibu na choo, alale na wajukuu wa kike. Wewe hamia sebuleni na mashemeji. Oga kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ili asikukute koridoni na taulo kiunoni. Ndala mlangoni mwa bafu iwe ndiyo alama kwamba kuna mtu ndani. Watoto wataishika haraka kuliko wakubwa.

Jambo ambalo wenyeji wengi wa Dar hulisahau ni mbu. Makete ni baridi, malaria huko ni kidogo, na mtu asiyeizoea ikimshika humwangusha vibaya. Kila godoro, hata la sakafuni, liwe na chandarua chenye dawa, kingo zikunjwe chini ya godoro. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo mwaga maji yaliyotuama kwenye vifuu, matairi na sahani za maua. Na usiwaage bila kuwaambia hili: homa ikianza hata wiki mbili tatu baada ya kurudi, waende kupima siku hiyohiyo na wamwambie daktari kwamba walikuwa Pwani.

Bibi yetu ana miaka 78, magoti yanamsumbua, ni Mlutheri wa kweli na hajawahi kufika Dar. Tuna siku moja tu ya kumtembeza mjini.
*Wajukuu, Kimara*

Toka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikifika saa tano jua la Desemba limeshamchosha. Anzeni soko la samaki Feri, mnada ukiwa bado umechangamka. Bibi akae, kijana mmoja aingie kwenye msukumano. Chagua samaki mwenye jicho angavu lililovimba na matamvua mekundu. Jicho likiwa limezama na lina ukungu, achana naye hata kama bei ni ya kutupa. Wapo vijana wa kupaa magamba na wakaangaji hapohapo. Wa kupeleka nyumbani awekwe kwenye ndoo ya barafu, maana buti la gari ni tanuri.

Kutoka hapo, kwa bajaji au gari, nendeni Azania Front, kanisa la Kilutheri lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19. Hapo bibi atataka kukaa, msimkimbize. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 iko karibu, mnaweza kuitazama mkiwa ndani ya gari. Malizieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna kivuli na mahali pa kukaa, na hapo linahifadhiwa fuvu la binadamu wa kale, Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Bebeni vitambulisho, kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni wa nje.

Ikifika saa saba, rudini. Kariakoo msimpeleke, labda muwe na mtu wa kumshika mkono na mwingine wa kushika pochi yake.

Niliwapeleka wageni Kunduchi Jumamosi saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yameenda mbali, tukakuta mawe na majani ya bahari. Watoto waliotoka Tabora walilia. Nifanyeje safari hii?
*Dada Mkubwa, Mbezi Beach*

Tazama mwezi kabla ya kupanga siku. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: pwani yetu hii maji hupwa hadi mwisho mnamo saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi alasiri, na kati ya kupwa na kujaa kina kinaweza kutofautiana zaidi ya mita tatu. Wewe uliangukia siku hizo. Ungekwenda wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ungekuta maji mafu: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, na tofauti yake ni kama mita moja tu.

Ikibidi kwenda siku ya bamvua, igawe mara mbili. Asubuhi watoto watembee kwenye mwamba wakitazama kaa na viti vya pweza, wakiwa na viatu, kwa sababu wale wadudu weusi wa miiba mirefu hujificha kwenye vidimbwi. Maji yakianza kurudi wote wawe wameshageuka, hasa waliokwenda kwenye mafungu ya mchanga, kwani mfereji ulio nyuma yao hujaa kwanza. Kuogelea kuwe saa nane hadi saa kumi, yakiwa bado yanajaa. Yakianza kupwa watoto watoke, maana maji yanayopwa hupita kwenye mianya ya mwamba kwa nguvu, na aliyejifunza kuogelea bwawani hajui kwamba mkondo haukatwi kwa kupambana nao uso kwa uso. Unaogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie.

Kama mnakwenda Mbudya kwa boti, kumbuka kwamba ada ya hifadhi ni mbali na nauli ya boti, na kisiwani msitegemee maji ya kuogea yasiyo na chumvi. Kila mtoto avae jaketi okozi kabla boti haijang'oa nanga, na alifunge kweli, sio kulikalia.

Shemeji zangu wanataka kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, waone na wanyama Mikumi, warudi siku hiyohiyo. Inawezekana? Na nani alipie?
*Shemeji Mtu, Ukonga*

Inawezekana kwa vijana wasio na haraka ya kula. Treni huchukua chini ya saa mbili, lakini kutoka Morogoro hadi lango la Mikumi kuna kama kilomita 100, na matuta hayana huruma. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na kumgonga mnyama hapo kuna faini. Mwambie dereva mapema. Wenye watoto walale Morogoro usiku mmoja.

Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ni shilingi 13,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Wengi hukata ya kwenda tu, Jumapili jioni wakakuta behewa zimejaa na wakaishia stendi ya Msamvu kutafuta basi. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, na mfike stesheni saa nzima kabla, mizigo inakaguliwa na mlango hufungwa treni bado mnaiona.

Na uliyeuliza mwisho wa barua nani alipie: wewe lipa ya kwenda na chakula cha siku ya kwanza, kisha sema bei ya gari la Mikumi mezani, kila mtu akiwepo, kabla ya safari. Ukisubiri langoni, utalipa peke yako.