Sakoma ndogo tumboni, wakate mpaka wapi?
Umeuliza kama uvimbe wa sakoma (kansa ya nyama laini kama msuli au mafuta) wa sentimita 3 unatosha kutolewa wenyewe tu, mi nakwambia usikubali kirahisi, maana kile kiganda kinachouzunguka si ukuta wa kweli, seli za kansa zinakuwa zimeshapenya humo, wakiumenya kama njugu zinabaki na unarudi palepale. Wa kwenye msuli wa tumbo unatoka na nyama nzima pembeni, sentimita 1 au 2 hivi. Ila ikiwa ni GIST (aina ya sakoma inayoota kwenye ukuta wa njia ya chakula) ya mfuko wa chakula, afadhali, wanakata kipande cha ukuta, matezi ya limfu kwa kawaida hayaguswi, muhimu tu uvimbe usipasuke. Ndo maana biopsi (kupima kipande kidogo cha uvimbe) kwanza, wajue ni aina gani, kwani ile sakoma ya mafuta kule nyuma ya tumbo saa nyingine inaondoka na figo.