Barua kwa mwanangu: kuhusu bunduki fupi ya mjomba wako

Mwanangu mpenzi,

Assalam aleikum. Umeniuliza kuhusu ile bunduki fupi ya .458 (upana wa risasi yake kwa inchi) ya marehemu mjomba wako: iwekwe mtutu mrefu kwanza ndipo iuzwe, au iuzwe jinsi ilivyo. Unasema kuna mtu hapo Kampala amekuambia kwamba ikirudishwa kwenye inchi zake 25 itapanda bei.

Kwanza karatasi, maana bunduki bila karatasi si mali, ni kesi. Babu yako aliwaambia hivyo wote waliopita karakana yake ya bunduki, wakubwa kwa wadogo. Kibali kilikuwa cha mjomba wako na kimeondoka naye. Wewe umerithi chuma na mti, ruhusa hukurithi. Kwa hiyo usijaribu kuitoa kwenye ghala la polisi la Arua eti uipeleke kwa fundi aitazame tu. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka kila anayeishika awe na kibali chake mwenyewe. Mkaza mjomba wako alifanya vyema sana kuikabidhi mapema. Mwombe ile hati ya makabidhiano, uhakikishe namba iliyoandikwa ndiyo iliyogongwa upande wa kulia wa chuma cha juu, mbele ya bolti, kile chuma kinachosukumwa kuifungia risasi ndani. Namba ikikosewa hata tarakimu moja, irekebishwe sasa, wakati waliopokea bado wanakumbuka.

Ukitaka iwe yako, utaanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, uende polisi na kamati ya usalama ya wilaya, ndipo ombi lifike Naguru, makao makuu ya polisi. Utaulizwa unaihitaji kwa kazi gani, nawe ni mwalimu wa hesabu. Lifikirie jibu kabla ya kupanda ngazi zao. Ukitaka kuiuza, mnunuzi awe tayari na ruhusa, na mauzo yapite mikononi mwa polisi.

Na mtutu mpya si jambo la fundi peke yake. Tangu 2018 serikali imekuwa ikichukua alama za bunduki za raia: risasi inapigwa, michirizi iliyoachwa na mifereji ya ndani ya mtutu inahifadhiwa. Ukibadilisha mtutu, michirizi inabadilika, na bunduki haifanani tena na kumbukumbu yake. Lazima wajulishwe kabla, si baada.

Sasa huyo mtu wa bei. Bunduki ile ni Winchester Model 70, ya kabla ya mabadiliko ya kiwanda ya 1964, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya Afrika. Aina hiyo ilitoka kati ya 1956 na 1963 tu, na bamba la chini ya magazini limeandikwa SUPER GRADE. Wakusanyaji wanazitafuta, lakini wanazitaka na mtutu uleule wa kiwandani, wenye tarakimu mbili za mwaka upande wa chini uliofunikwa na mti. Mtutu mpya utaongeza urefu, hautarudisha uasili. Tena si kazi nyepesi. Uzi wake ni wa inchi moja, meno 16 kwa inchi, hilo fundi yeyote wa mashine atalikata. Lakini kisogo cha mtutu wa zama hizo kimechongwa kama faneli ili risasi iingie kwa ulaini, na kina mkato wa kupitisha ule ukucha mrefu wa kuvutia ganda. Ukikatwa vibaya, ukucha unagota au ganda linabaki bila kushikiliwa. Kuipeleka Afrika Kusini kwa wanaoijua kazi hiyo ni vibali vya kutoa na vya kuingiza, kwenda na kurudi. Gharama itakula bei yote.

Unajua ilivyokatwa? Mjomba wako alikusimulia kwa upande wake. Alitaka bunduki ya kupita nayo kwenye majani marefu kando ya Nile, kule kuelekea hifadhi ya Ajai, ambako mbogo unamsikia kabla ya kumwona. Babu yako alikataa. Alisema mtutu wa kiwanda haukatwi, basi. Mjomba wako akangoja mzee aende Gulu, akaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Yule akaikata inchi saba kwa msumeno wa chuma, akapiga tupa, akabandika kilengeo cha mbele kikiwa kimeinama kushoto.

Babu yako aliporudi aliitoa kwenye mfuko, akautazama mdomo, akaiweka mezani. Hakusema neno kwa mjomba wako, jioni ile wala wiki ile. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia daftari na kumshikia taa, na mpaka leo kimya kile kinaniuma kuliko matusi ambayo angeweza kuyatoa. Mjomba wako alisimama mlangoni akingoja kugombezwa, na mzee hakumpa hata hilo.

Kisha akaanza kazi, na hapo ndipo ujifunze, kwa sababu mnunuzi mwerevu atatazama mdomo kabla ya kitu kingine. Mdomo wa mtutu lazima ukae mraba kabisa na tundu. Ukiegemea upande mmoja, gesi inatangulia kutoka upande huo na kuisukuma risasi kitako wakati inaaga. Babu yako aliunyoosha kwa tupa laini, akipima kwa pembemraba kila baada ya mikwaruzo michache. Akasukuma kitambaa chenye mafuta ndani ya tundu ili unga wa kusagia usiingie. Akachukua skrubu ya shaba yenye kichwa cha mviringo, akaifunga kwenye drili ya mkono, akapaka unga wa kusagia vali, akaizungusha polepole kwenye ukingo huku mkono ukitembea duara ili skrubu isile upande mmoja. Mwisho wa kazi ukingo una pete nyembamba inayong'aa, upana uleule pande zote. Ukitaka kuhakiki, ingiza pamba kwenye kijiti, uivute kutoka ndani kuja nje. Nyuzi zikinaswa mahali, pana kijino cha chuma kilichobaki, na kazi haijaisha.

Kilengeo alikiondoa, akasafisha nyuso zote mbili, akazipaka lehemu kila moja peke yake, akazibana pamoja na kupasha moto taratibu kutoka chini. Aliacha kisu cha kilengeo kirefu makusudi. Kikiwa kirefu risasi hupiga chini, na kukipunguza kwa tupa ni rahisi. Kikiwa kifupi tangu mwanzo huna la kufanya. Hesabu yake utaipenda: kosa kwenye shabaha, zidisha kwa umbali kati ya vilengeo viwili, gawa kwa umbali wa shabaha. Ikipiga sentimita 10 chini kwa mita 50, na vilengeo vimeachana milimita 300, unaondoa milimita 0.6. Hesabu hiyohiyo inaonyesha hasara ya kukata. Jicho likikosea nusu milimita, vilengeo vilivyoachana milimita 450 vinakupotosha sentimita 5.6 kwa mita 50. Vilivyoachana 300 vinakupotosha zaidi ya 8.

Alipoipeleka bondeni kuijaribu, risasi tatu zilikaa ndani ya sentimita 6. Mzee alikunja ile karatasi ya shabaha akamkabidhi mjomba wako, nayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwake. Karatasi imo kwenye daftari mpaka leo. Nikiitazama, moyo wangu unafurahi upya.

Basi, je, mzee alikuwa na haki ya kukasirika? Nasema ndiyo. Kiwanda kilitangaza kwamba .458 inasukuma risasi ya greni 500 (kama gramu 32) kwa futi 2,130 kwa sekunde, na hata mtutu kamili mara nyingi haukufika hapo. Ukikata, unapoteza kama futi 20 hadi 30 kwa kila inchi, kwa hiyo hesabu karibu na 1,900. Kishindo kinasogea karibu na uso, mwako wa jioni unakupofusha, na uzito uliopungua mbele unaufanya mdomo uruke. Lakini nageuka tena: kwa mbogo aliye hatua 20 ndani ya majani, futi 1,900 na risasi ngumu isiyofunguka inatosha kabisa, na bunduki inayowahi begani ina thamani kuliko ile iliyonasa kwenye matete. Mjomba wako aliijua kazi yake. Wote wawili walikuwa sahihi, nami bado siwezi kuwapatanisha.

Usikubali mtu akuambie chemba, pale risasi inapokaa, iongezwe iwe ya .458 Lott, risasi ndefu na yenye nguvu zaidi. Ganda la Lott lina inchi 2.8 badala ya 2.5, na risasi nzima inafika inchi 3.6, kwa hiyo magazini yenyewe lazima iwe na nafasi hiyo. Na nguvu zile kwenye inchi 18 za mtutu ni kuchoma baruti hewani.

Yapo mawili ya kukaguliwa kabla ya bei kutajwa. La kwanza ni ndani ya mtutu. Unajua ilikaa wapi miaka ile tulipokuwa Aru, ng'ambo ya mpaka wa Kongo: ardhini, ndani ya tyubu ya tairi iliyojazwa grisi. Grisi ililinda nje vizuri, lakini sina imani na koo la mtutu, pale risasi inapoanzia. Katika sanduku la babu yako kimo kipande kilekile cha inchi saba kilichokatwa, hakikuonja udongo. Nitakutumia. Mwombe msimamizi wa ghala atoe bolti, uweke karatasi nyeupe nyuma ya chemba, utazame kwa tochi, kisha utazame kipande. Kingo za mifereji zinatakiwa ziwe kali sawasawa. Vishimo vidogo vyeusi mahali pamoja vinavumilika. Vikifuatana kama mchirizi, bunduki hiyo ni ya ukutani.

La pili ni kitako. .458 hupasua mti nyuma ya lile jino la chini linalopokea teke, na tena pale mti unapokonda nyuma ya bolti. Funguliwe skrubu za chini, mti utolewe, upanguswe mafuta ya taa: ufa unaonekana mafuta yanapokauka, kwa kuwa ndani yake yanachelewa. Ufa ulioanza ukishonwa kwa pini ya chuma na gundi ya epoksi unadumu. Uliopita upande wa pili haushoneki.

Risasi zile za zamani zisipigwe na mtu yeyote. Ganda la .458 lilikuwa fupi kwa kazi lililopewa, baruti ikashindiliwa mno, na kwa miaka kwenye joto hugandamana ikaungua nusunusu. Ukisikia mlio hafifu, risasi huenda imebaki ndani ya mtutu, na inayofuata inapasua chuma. Mwaka 1959 Jack Lott, mwindaji Mmarekani, alijeruhiwa na mbogo kule Msumbiji akiwa na .458, na kutoka hapo akaunda lile ganda la .458 Lott. Zikabidhiwe polisi zote, kwa hesabu iliyoandikwa.

Mnunuzi basi ni nani? Uwindaji hapa Uganda ulisimamishwa 1979, ukarudi kwa majaribio pembeni ya Ziwa Mburo mwaka 2001, na leo unaendeshwa na kampuni zilizopewa maeneo chini ya Mamlaka ya Wanyamapori. Wawindaji wao wanaosindikiza wageni huhitaji bunduki fupi ya kumaliza mbogo aliyejeruhiwa kichakani. Mtu wa namna hiyo atailipia kwa sababu ni fupi, si licha ya ufupi wake. Mkusanyaji hataitaka, iwe na mtutu mpya au bila.

Sitaki kukuamulia. Mjomba wako alikuachia wewe, hakuniachia mimi, na alikuwa na watoto wake. Labda alijua kitu. Ila kama ungeninyamazisha kwa nguvu nisiseme, ningesema bado: mtutu usiguswe. Kuhusu kuuza au kubaki nayo, hilo nakuachia, ingawa ulimi unaniwasha.

Nitumie kwanza namba kama ilivyo kwenye hati, picha ya upande wa chini wa mti uliotolewa, na picha ya mdomo kwa karibu. Mwambie msimamizi asiifute kwa matambara makavu. Apitishe mafuta mepesi ndani, kisha kitambaa safi, na aisimamishe mdomo chini ili mafuta yasishukie kwenye mti. Daftari na kile kipande atakuletea dada yako akija Ijumaa.

Mama yako