Shangazi, niuze cherehani zangu nihamie Mombasa?

Barua ya wiki hii nimeifupisha kidogo, lakini maneno ni yake mwenyewe.

"Shangazi shikamoo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, nina miaka 29, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye, cherehani mbili za kukanyaga na moja ya ovaloki. Mwezi wa Agosti rafiki yangu tuliyesoma naye alinialika harusi Mombasa nikakaa kwao siku tisa, Mji wa Kale. Shangazi ule mji nimeupenda vile mtu anapenda mtu. Asubuhi nazima simu natembea tu kwa vile vichochoro, naangalia milango ya kuchongwa, wazee wamekaa barazani na kahawa yao wananiita mwanangu na hawanijui. Siku ya Fort Jesus niliwekelea mkono ukutani nikalia, sijui hata kwa nini. Jioni naenda kukaa pahali bahari inaonekana, simu bado imezimwa, hakuna mtu ananitafuta. Tangu nirudi silali. Juzi nimekata yunifomu ya mtoto mkono mmoja mfupi mwingine mrefu. Nataka niuze cherehani nihame kabla ya Desemba. Mama anasema nimerogwa. Mchumba wangu wa miaka minne anasema nimepata mwanaume huko, na Mungu ananiona hakuna. Mimi ndio kifungua mimba, karo ya wadogo zangu wawili natoa mimi. Simu nilipoiwasha nilipata meseji 61. Je, nina wazimu? – Fundi wa Kibuye."

Marahaba mwanangu. Huna wazimu na hujarogwa, na mama nitamsalimia huko chini.

Kwanza nataka ujue nimekuamini. Kuna watu wakiambiwa mtu amependa mji wanacheka, wanaona ni utoto, kwani mji utakuoa? Mimi sicheki. Mji unaweza kumshika mtu rohoni kabisa, na ule hasa, manake haukujengwa jana. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331 akaandika kwamba watu wake wanakula sana ndizi na samaki na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri, na ujue alilala usiku mmoja tu, kesho yake akashika safari ya Kilwa. Usiku mmoja, na mpaka leo tunasoma alichoona. Sasa wewe umekaa siku tisa unashangaa nini kwamba umerudi na mji kifuani?

Na ule ukuta uliolilia, mwanangu, ule wa ngome ya Fort Jesus, si ukuta wa kawaida. Wareno walianza kuujenga mwaka 1593, mawe ya matumbawe, na karibu miaka mia baadaye Waomani wakauzingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, hebu fikiria watu wamefungiwa humo ndani miezi yote hiyo, njaa na magonjwa yanawamaliza. Alafu Waingereza wakaufanya gereza, wafungwa wakakaa humo mpaka 1958. Leo ni makumbusho na tangu 2011 uko kwenye orodha ya UNESCO, tunapiga picha, lakini jiwe ni lile lile. Kwa hio mtu mwenye moyo mwepesi akiweka mkono hapo akatoa machozi mimi sioni uchawi, naona mtu ambaye bado anasikia vitu.

Hata hivyo vichochoro vina sababu yake na wewe kama fundi utaipenda. Dari za nyumba za zamani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, haivutiki, ndio vyumba vikawa vyembamba na virefu, kama vile wewe unavyokata gauni kulingana na upana wa kitambaa. Na njia zikaachwa nyembamba nyumba ziwekeane kivuli na upepo wa bahari upite katikati. Kwa hio ile raha uliyoisikia ukitembea saa sita mchana bila kuungua, kuna mtu aliipima zamani.

Sasa nikuambie kitu nilichoona kwenye barua yako, nimeisoma mara nne ile nzima, kurasa tatu. Bahari umeitaja mara moja. Milango mara moja. Chakula hujataja hata mara moja, na mtu amekaa Mji wa Kale siku tisa bila kuniambia habari ya mahamri na mbaazi ama viazi karai, hapo ndo nikaanza kukaa vizuri kwa kiti. Simu umeitaja mara tano. Nilizima simu, simu bado imezimwa, hakuna mtu ananitafuta, nilipoiwasha meseji 61. Ukaniandikia na hio namba, hukusema nyingi, ulizihesabu.

Nyathina, mtoto wangu, umechoka.

Nakuambia kwa upendo na nakuambia kwa sababu naijua hio hali. Kifungua mimba akiwa msichana, na ana kazi ya mkono inayoonekana, kila mtu anajua jioni kuna kitu kwenye droo. Karo ni yeye, dawa ya mama ni yeye, tokeni za stima zikiisha ni yeye, matanga ya ami yake ni yeye. Alafu siku moja anafika mji ambao mzee anamwita "mwanangu" na hataki kitu chochote kutoka kwake, anamwonyesha tu njia ya kwenda sokoni Marikiti. Hata mimi ningeupenda huo mji. Ningelia ukutani pia.

Kwa hio kuna mapenzi mawili hapo yamefungwa kwa leso moja, kuna kuupenda mji na kuna kupenda kupumzika, na ukiuza cherehani kabla hujayatenganisha utaumia. Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 24, nikaacha kazi ya duka hapa Kisumu nikaenda Mombasa kwa mtu wa kwetu, nikapanga chumba Majengo. Nilijiambia naupenda mji na kweli niliupenda. Nakumbuka kufuli la sanduku langu la bati, lilikuwa jipya kabisa nimenunua nikienda, mwezi wa tatu likakataa kufunguka, hewa ya chumvi imeshaingia, ufunguo unazunguka nusu unakwama, nikalivunja kwa jiwe uani majirani wakiniangalia. Ndani ya sanduku kulikuwa na nguo chache na barua za nyumbani ambazo sikuwa nimejibu. Manake shida nilizokimbia ziliweka stempu zikanifuata, kila wiki mbili barua, karo, bati za nyumba, mdogo wako ameachana na shule. Nilikuwa nimehama na mzigo uko mgongoni. Mwezi wa saba nilirudi, na mpaka leo siwezi kukuambia kama Mombasa ilinishinda ama mimi sikuipa nafasi, na hilo ndo linaniuma zaidi, kwamba mji niliupenda na sikuwahi kuuishi nikiwa mwepesi.

Sitaki yakupate. Kwa hio tuanze na mzigo, na tuanzie hapa hapa Kisumu, wiki hii. Kaa na mama na wale wadogo zako, wote, si mmoja mmoja kwa simu, mchana wa Jumapili baada ya kanisa, uwaambie kwa mdomo wako unaweza kutoa ngapi kwa mwezi na isizidi hapo. Andika kwenye karatasi. Una ndugu wengine wanaofanya kazi, kwenye ile barua nzima umewataja kwa mstari mmoja tu ukawapita haraka, nao wapewe sehemu yao. Watanuna, wacha wanune. Alafu jioni saa mbili simu inazimwa hata ukiwa Kibuye. Uone kwanza usingizi unarudi ama haurudi.

Usingizi ukirudi na bado moyo unasema Mombasa, basi mwanangu huo ni mji wenyewe, na hapo mimi niko upande wako. Lakini usiende Desemba. Desemba kila mtu anaupenda Mombasa, hata magari ya kurudi yanakosa nafasi. Wewe uliuona Agosti, kusi inavuma, ndio miezi ya baridi kule, unalala na shuka. Nenda Februari mpaka Machi ukaone joto la kaskazi, nyuzi 32 na zaidi, jasho linakuamsha usiku unageuza mto. Ukaone maji, kisiwani watu wengi wananunua kwa mkokoteni, na ya kisima mengine yana chumvi sabuni haitoi povu. Harusini uliogea maji ambayo mtu mwingine alilipia, nisamehe kusema hivyo lakini ni kweli.

Na sababu yangu nyingine ya kusema Februari ni ya kazi. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na fundi wa nguo Mombasa anajulikana Ramadhani, manake kila mtoto anataka nguo ya Idd, kanzu, gauni, buibui, na mafundi hawalali, wanatafuta mikono ya kusaidia. Huyo rafiki yako akuulizie mapema kwa fundi yeyote anayeheshimika ukae naye huo mwezi kama kibarua. Usiende na cherehani zako, ziache Kibuye, mwachie yule msichana uliyeandika kwamba anakusaidia aendelee na yunifomu mkigawana. Utajifunza vitu ambavyo hapa hatufanyi sana, kudarizi shingo ya kanzu, kupinda leso vizuri, buibui inavyoangushwa begani. Utajua kama mikono yako inapata riziki kule ama inapata picha za simu tu. Na ukishakuwa na cherehani huko siku moja, mafuta ni karibu kila siku na kitambaa cha kuifunika usiku, hewa ile haina huruma na chuma, nimeshakuambia habari ya kufuli.

Mchana wa Ramadhani usile wala kunywa njiani, hata kama we ni mkristo, ni heshima tu ya mtu na jirani yake. Alafu magharibi ikiadhiniwa utaona mji mwingine kabisa, na nakuhakikishia watakuita ule nao.

Kuna jambo moja tena la wenyeji. Wazee wale wa barazani wanakuita mwanangu na wanamaanisha, lakini kuitwa mwanangu si kuwa mwenyeji. Wenyewe wana mataifa yao 12, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, wanajuana babu kwa babu. Wewe utakuwa mtu wa bara kwa miaka mingi, bila ubaya, ndivyo ilivyo, kama vile hapa kwetu mtu anaulizwa kwanza wewe ni nyar wapi, binti wa wapi. Hata lugha itakugeuka, njia ni ndia, ndio maana ile barabara inaitwa Ndia Kuu, macho ni mato, kucheka ni kuteka, siku mtu akikuambia usiteke usikimbie. Ukiweza kuwa mgeni mwenye adabu kwa miaka kumi bila kuumia roho, utaishi kule vizuri. Na si kwamba unaenda nchi ya watu, reli iliyoanza Mombasa 1896 ilikuja kuishia hapa kwetu ziwani Desemba 1901, hii miji miwili imeunganishwa zamani kabla ya mimi na wewe, watu wetu wamekuwa Kilindini bandarini tangu enzi hizo.

Mchumba. Huyu ana miaka minne na wewe na jambo la kwanza lililomjia kichwani ni mwanaume mwingine. Sikwambii umwache, nakuambia umwalike aje Mombasa siku nne za mwisho, apande basi, umtembeze mahali ulipolia. Akikubali kuja atakuwa amekujibu, akikataa pia atakuwa amekujibu.

Mama yako namwelewa, shikamoo mama kama unasomewa hii. Haogopi uchawi, anaogopa kubaki. Mwonyeshe ile karatasi ya hesabu kwanza, kabla ya kumwonyesha tiketi.

Na ile yunifomu yenye mkono mmoja mfupi, ikate upya kwa kitambaa chako mwenyewe, umpelekee mama wa mtoto leo hii, usimwambie stori ya Mombasa, mwambie tu ulikosea.

Uniandikie ukiwa umemaliza wiki ya tatu kule, kabla hujarudi na kabla hujamwambia mtu umeamua nini. Niambie chumba umepanga pesa ngapi, umeshona nguo ngapi na umelipwa ngapi, usiku unalala saa ngapi. Na safari hii uniambie umekula nini.