Mbuzi ya Bibi Yako

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na mkeo. Juma lililopita uliniuliza kwa simu swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka: kwa nini mama yako, aliyechora majahazi kwa rangi za maji miaka mingi na kuwauzia wageni hapa Mombasa, sasa anamaliza karatasi zake kwa kuchora birika, kanga zilizoanikwa na mbuzi ya kukunia nazi.

Bibi yako alipofariki, nilipekua picha zangu zote nikitafuta hata moja inayomhusu, nikakosa. Majahazi yalikuwapo tele, lakini sikuwa na mchoro wowote wa jinsi alivyokalia mbuzi yake kila alasiri, akizungusha kizio cha nazi mkononi bila kukitazama. Nilimpita hapo kila siku, nikiwa na karatasi kwapani, nikienda kutafuta bahari.

Ndipo nilipoiweka mbuzi ile karibu na dirisha nikaanza kuichora. Katika rangi za maji, mwanangu, weupe haupakwi, huachwa. Mwanga wote uuonao ni karatasi yenyewe ambayo mchoraji hakuigusa, na akishaifunika kwa rangi ni vigumu mno kuurudisha. Kwa hiyo kabla ya kulowesha brashi nililazimika kutazama kwa muda mrefu, niamue ni wapi nazi iliyokunwa itabaki nyeupe na ni wapi meno ya chuma yatang'aa, na katika kutazama huko nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona miaka yote niliyoitumia mbuzi hiyo: ubao wake umelika upande wa kulia, pale alipokuwa akiegemeza paja. Kivuli cha bonde hilo dogo nilikipata kwa kuchanganya buluu ya ultramarini na hudhurungi ya siena iliyochomwa, maana kijivu cha rangi hizo mbili kina uhai ambao rangi nyeusi haina.

Usidhani haya ni mawazo ya uzee. Mwaka 1503 Albrecht Dürer wa Nürnberg, Ujerumani, alichora kwa rangi za maji kipande cha majani ya kawaida pamoja na udongo wake, bila mtu wala jengo, na picha hiyo ingali imehifadhiwa katika makumbusho ya Albertina mjini Vienna. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu.

Uliuliza pia kama picha hizi zinanunuliwa. Zinanunuliwa kwa nadra, na mwezi unapobana bado ninachora majahazi, wala sioni vibaya.

Ya mbuzi nimekutengea wewe. Ningeituma pamoja na barua hii, lakini masika yameleta unyevu mwingi na nachelea karatasi isije ikaota ukungu njiani. Ukija, tazama kwanza upande wa kulia.

Mama yako