Zuhura, maumivu hayashiki brashi

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku mama yako akiwa ameshalala, nikaurudia asubuhi. Unasema umetazama filamu tatu ndani ya wiki moja, ya Van Gogh, ya Pollock na ya Frida Kahlo, na swali likakukaa kooni: je, ni lazima mchoraji ateseke ndipo kazi yake iwe na uzito? Chini yake nimeliona swali jingine ambalo hukuliandika. Wewe uliyeacha mshahara ili uchore, unayelala salama na kula vizuri, unaogopa kwamba labda huna cha kuchora.

Mimi ni fundi wa mabango, na kazi zangu hukaa juu ya milango ya maduka. Lakini brashi nimeishika miaka 35 hapa Tanga, na filamu hizo zote nimezitazama. Jibu langu ni hapana.

Katika Lust for Life ya 1956, Kirk Douglas anamwigiza Van Gogh kwa nguvu hata mtazamaji anaondoka akiamini kwamba wazimu ndio uliokuwa ukichora. Sasa sikia yaliyomkuta. Kiangazi cha 1889, akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, ugonjwa ulimrudia vibaya hata akala rangi zake, zikabidi zifichwe. Wiki kadhaa zikapita bila kuchora. Alipopata nafuu kidogo alimwomba mdogo wake Theo amwandikie daktari, kwa sababu aliona bila kazi hatapona. Ugonjwa ulimnyang'anya picha. Karibu zote alizozichora, alizichora akili ilipotulia, na alizichora haraka kama mtu anayejua mvua inarudi.

Mwaka aliofariki bibi yako nilipewa bango la duka la vitambaa. Herufi moja tu, R, ilinishinda siku mbili. Nilikuwa na huzuni ya kutosha kujaza ukuta mzima, na mkono haukutii. Nilikwangua, nikaenda kukaa baharini, nikarudi baada ya wiki.

Ya Pollock ndiyo iliyoniumiza zaidi, ile ya 2000 ambayo Ed Harris aliiongoza na kuigiza mwenyewe. Pombe imejaa humo, na ni kweli alikunywa. Lakini ziangalie tarehe, mwanangu. Mwishoni mwa 1948 aliacha kunywa kwa msaada wa daktari mmoja, akakaa karibu miaka miwili. Ni ndani ya miaka hiyo, katika banda lake la Springs, Long Island, Marekani, alipochora, turubai ikiwa imetandazwa sakafuni, nyingi kati ya zile picha ambazo dunia inamkumbuka kwazo. Autumn Rhythm ya 1950 ina upana wa zaidi ya mita 5. Huwezi kuizunguka turubai kama hiyo kwa miguu inayoyumba. Chupa aliirudia Novemba 1950, jioni ya siku ya baridi ambayo mpiga picha Hans Namuth alikuwa akimrekodi anachora juu ya kioo. Alipokufa kwenye ajali Agosti 1956, akiendesha gari amelewa, hakuwa amechora picha hata moja mwaka ule.

Filamu inaishia hapo. Mimi ningeomba iendelee, kwa sababu mkewe, Lee Krasner, naye mchoraji, aliishi hadi 1984. Aliingia katika banda lile lile, akalifanya karakana yake, akachora humo picha kubwa ambazo chumba chake cha zamani kisingezitosha. Miaka hiyo yote ya mwanamke kuamka na kufanya kazi, nani ataitengenezea filamu?

Na sababu naielewa. Mtu akipindua meza ya chakula, kamera inamaliza naye kwa dakika moja. Mtu aliyesimama asubuhi nzima akitazama kona ya turubai, asijue aweke bluu au aache, utamrekodi vipi?

Yupo aliyejaribu. Mwongozaji filamu Mfaransa, Henri-Georges Clouzot, kiangazi cha 1955, alimpa Picasso karatasi ambayo wino hupenya hadi upande wa pili, akaiweka kamera huko nyuma. Kwa hiyo unauona mstari ukizaliwa wenyewe, mkono huuoni. Samaki anageuka kuku, kuku anageuka uso. Filamu inaitwa Le Mystère Picasso. Kuna picha moja ya ufukweni anayoihangaikia sana: anafuta, anabandika, anafunika, inazidi kuharibika, naye anasema wazi kwamba mambo yanakwenda vibaya. Kisha anachukua turubai nyingine na kuanza upya. Alikuwa na miaka 73. Itafute hiyo, uitazame ukiwa na penseli mkononi.

Frida nimemwacha mwisho makusudi. Kwake maumivu yamo ndani ya picha, siwezi kukudanganya. Basi alilopanda liligongana na tramu tarehe 17 Septemba 1925, akiwa na miaka 18, na mwili wake haukupona tena. Ila kuna mahali katika filamu ile ya 2002 nadhani ulipapita haraka, kwa kuwa wewe ni mtoto na mimi ni mzazi. Yuko kitandani, hawezi kuinuka. Mama yake akamtengenezea stendi ya kuchorea akiwa amelala, na kioo kikawekwa juu yake ili ajione. Rangi za mafuta zilikuwa za baba yake, Guillermo, mpiga picha. Maumivu yalimlaza tu. Walioweka brashi mkononi mwake ni watu wa nyumbani.

Nimezungumza na mama yako leo mchana. Kodi ya chumba chako tutailipa sisi kwa miezi sita, kuanzia mwezi ujao, na usianze kubishana nami kwenye simu. Dirisha lile la upande wa mashariki ulilolisifia, sogeza meza yako hapo, na ule kabla hujaanza kuchora.

Ni mimi baba yako.