Kadi ya netiweki haijafa, imebadilika jina tu

Umechomeka SSD ya NVMe au kadi ya grafiki kwenye mashine ya Linux, umewasha, intaneti hakuna. Taa za kadi ya netiweki zinawaka, kebo iko sawa, ila IP haipati. Hapo wengi wanaanza kulaumu draiva. Mimi kabla sijagusa kitu naandika kwanza `ip link` nione majina, maana mara nyingi kadi ni nzima kabisa ila jana ilikuwa enp3s0 na leo inaitwa enp4s0, na faili la setingi bado linamtafuta yule wa jana.

Hiyo 3 ni namba ya basi ya PCI (njia ambayo kadi imechomekwa kwenye ubao mama), ukiongeza kifaa namba zinaweza kusogea. Zamani keneli (kiini cha Linux) ilikuwa inagawa eth0, eth1 kwa kufuata nani kaonekana kwanza, sasa mashine yenye kadi mbili unaweza kuiwasha ukakuta zimebadilishana, na kama ndo fayawoli yako basi ni balaa. Ndo maana systemd (programu inayosimamia huduma za mashine tangu inapowaka) toleo la 197, mwaka 2013, ikaanza kutoa majina kwa kuangalia kadi imekaa wapi. Ukitaka kuona nani kageuzwa nani, `dmesg | grep renamed`.

Watu watakwambia weka `net.ifnames=0` kwenye GRUB (programu inayoanzisha Linux) ili majina ya zamani yarudi. Kwa kadi moja sawa, zikiwa mbili umerudi kulekule kwenye bahati nasibu. Mi nafunga jina kwa MAC (namba ya kipekee ya kadi yenyewe), natengeneza faili `/etc/systemd/network/10-lan0.link`:

```
[Match]
PermanentMACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:ff

[Link]
Name=lan0
```

(weka MAC yako, sio hiyo.) Nimetumia Permanent kwa sababu VLAN na bridge (kadi za kidijitali zinazoundwa juu ya kadi halisi) huwa zinaiga MAC ya kadi, ukiandika MACAddress peke yake zinaweza kunaswa nazo. Jina lisizidi herufi 15, na tafadhali usiiite eth0, hayo keneli yenyewe inayatumia, mtagombania.

Debian na Ubuntu piga pia `update-initramfs -u` (inatengeneza upya mfumo mdogo unaotangulia kuwaka, ili nao uone faili lako), la sivyo utariboti na jina litabaki lilelile halafu useme nimekudanganya. Na kama mashine iko mbali unaingia kwa SSH (kwa mtandao), badilisha jina kwenye setingi za netiweki, yaani netplan au `/etc/network/interfaces`, KABLA ya kuriboti, vinginevyo itabidi umtafute mtu aende na kibodi.