"Jana Niliwalowesha": Ushauri kwa Anayetaka Kusoma Hali ya Hewa

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja aliniandikia: "Dada, nimeitwa redioni. Wamenipa dakika mbili za hali ya hewa, asubuhi na jioni, na wakiona nafaa watanipeleka kwenye runinga. Nifanyeje nisiaibike?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Dakika mbili hizo nilizililia miaka mitatu, nikazipata, nikazipoteza. Na najua wengi wenu mnazililia kimyakimya, basi kaeni niwasimulie.

Kwanza nimtaje mzee aliyenitia wazimu huu. Jina silitoi, watoto wake wapo na sijawaomba ruhusa. Alikuwa mtabiri wa redio ya mkoa, baadaye na runinga, na nyumbani tulimwita Babu Mawingu. Taarifa ya habari ikikaribia mwisho, bibi yangu aliinua kidole kimoja tu, nyumba nzima ikatulia. Mzee hakuwa na sauti nzito ya kitangazaji. Alisema kama mtu aliyesimama mlangoni, hataki hata kuketi: "Wenye nguo za kufua, fueni kabla ya saa sita. Baada ya hapo msinilaumu." Bibi aliijibu redio: "Tumesikia, baba."

Siku moja alitangaza kwamba hakutakuwa na mvua. Jirani yetu akapanga viti vya harusi uwanjani bila turubai. Iliyonyesha jioni ile sijaisahau. Sherehe ilimalizikia sebuleni kwetu, bwana harusi kakunja suruali hadi magotini, kashika viatu mkononi. Kesho yake tuliizunguka redio tusikie atajitetea vipi. Hakusalimia kwanza. Alisema, "Jana niliwalowesha. Niliona mawingu yanakwenda zake, upepo ukageuka, nami sikuutazama tena. Naombeni radhi." Kisha akaendelea na ya kesho. Bibi akatikisa kichwa: "Huyu ni mtu." Tangu siku hiyo aliaminiwa kuliko alivyoaminiwa kabla ya kukosea.

Miaka yangu ya kubeba nyaya na kuandika matangazo ya biashara nairuka, haina utamu. Siku ya kwanza hewani nilipewa karatasi ya wataalamu nikaisoma ilivyo: hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua, uwezekano wa mvua asilimia 40. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nasema bila aibu. Sijatoka studio, simu ikaita. Mama mmoja: "Mwanangu, nianike au nisianike?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba sikujua hiyo 40 maana yake nini. Nilidhani mvua itanyesha asilimia 40 ya siku! Nikampigia mtaalamu aliyeandika karatasi, akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza: chukua siku kumi zilizofanana na kesho, nne mahali ulipo patapata mvua, sita patabaki pakavu. Basi ningemwambia yule mama, "Anika, ila usiende mbali." Maneno manne, na mimi nilikuwa nimemaliza dakika mbili nzima.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: sema na mtu mmoja mwenye nguo kwenye kamba. Na kamba hiyo siibuni mimi. Tarehe 11 Januari 1954, George Cowling wa BBC alipokuwa mtabiri wa kwanza kuonekana kwenye runinga ya Uingereza akieleza ramani zake, aliwaambia watazamaji kesho kutakuwa na upepo, siku nzuri ya kuanika nguo.

Runinga nayo ina vituko vyake. Ramani mnayoiona nyuma ya mtangazaji haipo, ni ukuta mtupu wa kijani, na kompyuta inapachika ramani kila panapoonekana kijani. Wewe unachungulia skrini ya pembeni kujua mkono wako uko wapi. Siku yangu ya kwanza nilijifunga kilemba. Nadhani mmeshajua rangi yake. Kwa sekunde kadhaa watazamaji waliona uso wangu unaishia kwenye paji, juu yake mawingu yanapita polepole kuelekea magharibi. Mpiga kamera alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Lakini kilichoniondoa si kilemba. Jioni moja nilisema kutakuwa kukavu, ikanyesha usiku kucha. Kesho yake niliandaa sentensi ya Babu Mawingu, niliiandika kabisa juu ya karatasi. Msimamizi wa zamu akaikata kwa kalamu: "Hatuombi radhi kwa mvua. Soma mpya." Nikatii. Baya zaidi, nikaongeza langu: "Kompyuta ilionyesha vingine." Watu walinichana vibaya, na walikuwa na haki. Baada ya wiki mbili nafasi ilipewa mwingine, nikaambiwa sauti yangu inafaa zaidi matangazo ya vifo. Hiyo bado inaniuma, sifichi, na kama aliyesema anasoma hapa, na aisome mara mbili.

Ushauri wa pili, basi, ni kuomba radhi, na kuomba mapema. Mtazameni Michael Fish, mtabiri mwingine wa BBC. Mchana wa 15 Oktoba 1987 alisema kuna mwanamke amepiga simu akidai kimbunga kinakuja, akawatoa watu hofu kwamba hakuna. Usiku ule dhoruba ikapiga kusini mwa Uingereza, watu 18 wakafa, miti ipatayo milioni 15 ikaanguka. Kitaalamu haikuwa kimbunga cha kitropiki, na katika utabiri uleule alitaja upepo mkali, ingawa zaidi upande wa Hispania na Ufaransa. Nani anayakumbuka hayo? Watu wamekumbuka lile neno lake tu, kwamba hakuna kimbunga. Mwaka 2012, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, kipande kile cha utabiri wake kilirushwa tena.

Vijana wa sasa mnaniudhi kidogo. Mnajifunza kusimama, kujipodoa, kuzungusha mkono kwenye ramani, na karatasi mnaifungua mkiwa mlangoni mwa studio. Mpigie mtaalamu kabla ya kipindi! Muulize ana wasiwasi na nini, kwa sababu wasiwasi wake haumo kwenye karatasi. Halafu mwambie mwenye nguo zake. Ukikosea, mwambie tena kesho yake, kabla ya salamu. Msimamizi akiikata sentensi hiyo kwa kalamu, itamke hivyohivyo. Wewe ndiye mwenye kipaza sauti. Mimi sikuthubutu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda. Nitakusikiliza. Na wakikupeleka runinga, niulize kwanza rangi ya nguo.